Kiwanja Chenye Miti Mikubwa: Kukitengeneza Kidogo Kidogo kwa Fedha Ndogo

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lilelile. Msomaji amenunua kiwanja Chanika, Mkuranga au Kibaha. Kina miembe mikubwa, mikorosho iliyozeeka, labda na mnazi ulioinama. Chini ni kivuli, mizizi iliyochomoza na majani makavu. Fedha yote imeishia kwenye bati na saruji. Anauliza: nikate yote nianze upya, au nifanyeje?

Jibu langu ni usikate, angalau si sasa. Maeneo mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani yalikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na minazi kabla ya kugawanywa viwanja, na miti uliyoikuta ni masalia ya mashamba hayo. Umerithi kivuli ambacho jirani mwenye kiwanja kitupu atakisubiri miaka mingi. Umerithi pia majani, na majani hayo ndiyo mbolea yako. Kinachokosekana ni mwanga kidogo, mpangilio na subira, na hivyo havihitaji mkopo.

Angalia kwanza jua linapita wapi

Siku moja ya mapumziko, zunguka kiwanja mara tatu: saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Kila ulipokuta jua limefika ardhini, chomeka kijiti. Jioni utaona ramani yako mwenyewe:

- Palipo na vijiti vitatu ni pa mboga na matunda.
- Palipo na kimoja au viwili ni pa mimea ya kivuli chepesi.
- Pasipo na kijiti hata kimoja usipalazimishe. Weka benchi, njia au lundo la mboji.

Rudia zoezi hili baada ya miezi sita. Kwetu pwani, kusini mwa ikweta, jua la Juni hupita upande wa kaskazini na jua la Desemba hupita upande wa kusini. Maana yake, tuta ulilolichimba kaskazini mwa mwembe litapata jua zuri wakati wa kipupwe, kisha Desemba litaingia kivulini. Watu wengi hulaumu mbegu kwa jambo hili.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka nje na mwavuli. Angalia maji yanatuama wapi, yanakimbilia wapi na yanachimba wapi. Kisha chora kiwanja kwenye karatasi, hata kama huna mkono wa kuchora, na uweke alama:

- shimo la choo na mabomba ya maji
- nyaya za umeme
- mpaka na jirani
- njia ambayo watu wa nyumbani wanapita kweli

Hilo la mwisho usilidharau. Njia ambayo watoto wameshaikanyaga kutoka mlangoni hadi bombani ndiyo njia sahihi. Ukiweka tuta la maua juu yake, litakanyagwa tu.

Acha kuchoma majani

Kama utafuata jambo moja tu katika makala hii, liwe hili. Kila asubuhi watu wanafagia majani, wanayakusanya na kuyachoma, halafu wikiendi wanakwenda kununua mbolea. Udongo wa pwani sehemu kubwa ni kichanga. Maji na virutubisho hupita kama kwenye chujio. Kinachoweza kuushikamanisha ni majani yaliyooza. Zaidi ya hapo, moshi unawaumiza walio ndani, na moto karibu na shina huunguza magome na mizizi ya juu. Kufagia uwanja wote kila siku nako kunapunguza udongo taratibu. Ile mizizi ya mwembe iliyochomoza mara nyingi ilikuwa imefunikwa. Fagio na mvua ndivyo vilivyoifunua.

Najua pingamizi: "Nikiacha majani, wageni watasema nyumba ni chafu." Ni hoja ya kweli, kwa sababu kwetu uwanja uliofagiliwa ni heshima ya nyumba. Kwa hiyo gawa kiwanja. Sehemu ya mbele ya mlango, njia, na mahali pa kukaa, fagia kama kawaida. Chini ya miti, panga ukingo wa matofali yaliyovunjika, mawe, makumbi ya nazi au chupa zilizofukiwa kichwa chini, kisha majani yote yaende ndani ya ukingo huo. Majani yaleyale yakiwa yametapakaa ni takataka. Yakiwa ndani ya mpaka ulionyooka, kila mtu anaona ni kazi ya makusudi.

Majani yanatumika kwa namna mbili.

*Matandazo.* Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo. Acha shubiri moja wazi kuzunguka shina, kwa sababu majani yenye unyevu yakigandamana na gome huliozesha. Usiyafikishe kwenye ukuta wa nyumba pia.

*Mboji.* Majani ya mwembe na mkorosho ni magumu, yakiachwa peke yake huchukua muda mrefu kuoza. Yasaidie hivi:

1. Chagua sehemu yenye kivuli na uweke lundo la mita 1 kila upande. Lundo dogo zaidi ya hapo halishiki joto.
2. Katakata majani kwa panga au yaache njiani yakanyagwe siku chache.
3. Panga tabaka: sehemu tatu za majani makavu, sehemu moja ya vitu vibichi kama maganda ya jikoni na magugu yasiyo na mbegu, kisha samadi kidogo.
4. Nyunyizia maji. Ukikamata konzi na kuiminya, iwe na unyevu bila kuchuruzika.
5. Geuza kila baada ya wiki mbili.

Kwa joto la pwani, baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na kitu cheusi, chepesi, kisichonuka. Lundo likinuka, lina maji mengi, ongeza makavu. Lisipopata joto, ongeza samadi au maganda. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, utaita panya.

Maembe yaliyoanguka na kuoza yasiingie kwenye lundo. Yamejaa funza wa nzi wa matunda, na msimu ujao watakurudia kwenye maembe yako yote. Yafukie kwenye shimo la kina cha futi mbili.

Kupogoa: fungua dirisha, usibomoe paa

Baada ya kuangalia jua utajua ni tawi gani linakunyima mwanga. Mara nyingi si mti mzima, ni matawi machache ya chini. Yakiondolewa hayo, jua la asubuhi na la jioni hupenya kwa ubavu, na mti unabaki na kivuli chake cha mchana.

Wakati mzuri kwa miembe na mikorosho ya pwani ni baada ya mavuno na kabla ya masika, yaani Januari hadi Februari. Kwa mkorosho kuna faida ya ziada: ubwiriunga hupenda mti uliofungamana, na hewa ikipita vizuri ugonjwa hupungua.

Fuata utaratibu huu:

1. Ondoa kwanza matawi makavu, yaliyovunjika na yenye ugonjwa.
2. Kisha yanayosuguana na yanayogusa bati.
3. Kisha ya chini, moja moja. Baada ya kila tawi, shuka, rudi nyuma, tazama.
4. Usizidishe robo ya majani ya mti kwa mwaka mmoja. Linalobaki litasubiri mwakani.

Tawi nene hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, kama futi moja mbali na shina, hadi theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulioko tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo usiuguse, ndio unaofunika kidonda. Usipake oili chafu wala saruji. Mti unajiponya wenyewe.

Kosa ninaloliona kila mtaa ni kukata mti kichwa ili "usiangukie nyumba". Mti uliokatwa kichwa hutoa matawi mengi membamba yaliyoshikilia gome tu, na hayo ndiyo yanayodondoka kwenye upepo. Umelipa fedha kununua hatari.

Pa kusimama na kufikiri:

- Nyaya. Tawi likiwa karibu na waya wa umeme, usipande wala usimlipe kijana apande. Toa taarifa TANESCO.
- Nyuki. Angalia mashimo ya shina ukiwa mbali kabla ya mtu kupanda.
- Sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua miti iliyohifadhiwa hata ikiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi. Kabla ya kuangusha mti mkubwa, hasa wa asili, pita ofisi ya serikali ya mtaa na umuulize afisa misitu wa wilaya.
- Mti wa kuondoka kweli. Shina lenye uwazi mkubwa, uyoga unaota chini yake, au ardhi iliyopasuka upande mmoja wa mizizi: huo usiuhurumie, hasa kama unaelekea chumba cha kulala.

Kabla ya kukubaliana bei na mkata miti, zungumzeni kuni ni za nani. Wengi hupunguza bei wakiondoka na magogo. Wewe bakiza fito na matawi yaliyonyooka. Utayahitaji kwa kingo na vichanja.

Shika kipande kimoja, ukimalize

Mwenye fedha ndogo akigusa kiwanja chote kwa pamoja, atakuwa na kiwanja chote kilichoishia njiani. Chagua kipande kimoja, mita 3 kwa 3 panatosha, karibu na mlango wa jikoni. Hapo utapaona kila siku, maji ya kuoshea mboga yatafika bila safari, na mtoto atatumwa kuchuma mchaichai bila kunung'unika.

Kipande kikiwa na ukingo, udongo mzuri, matandazo na mimea iliyoshika, ndipo uende cha pili. Kati ya kipande na kipande, fanya njia. Upana wa sentimita 90 unapitisha toroli. Huna haja ya pevingi. Kokoto za mabaki ya ujenzi, vifuu vya nazi vilivyopondwa au majani ya mvinje vinatosha kwa kuanzia.

Na hapa nasisitiza: usizungushie saruji au pevingi kwenye shina la mti mkubwa, wala usirundike udongo mpya juu ya mizizi yake. Mizizi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi na huvuka hata mwisho wa kivuli chake. Ikinyimwa hewa, mti hauanguki leo. Huanza kukauka ncha mwaka wa pili au wa tatu, na wakati huo hakuna anayekumbuka saruji.

"Chini ya mwembe hakuoti kitu"

Kinaota, ila si kila kitu. Wachagga wa Kilimanjaro wameishi na kihamba kwa vizazi: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake, na mboga na magimbi ardhini. Shirika la FAO la Umoja wa Mataifa limekiingiza kihamba cha Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Zanzibar na Muheza, pilipili manga hupanda juu ya miti hai. Pwani hatuna mvua na udongo wa Kilimanjaro, lakini mpango ni uleule: kila mmea ukae kwenye ghorofa yake.

*Kivuli kizito:* kangaga (feni) na sansevieria. Vaioleti za Usambara, ambazo asili yake ni misitu ya Usambara mkoani Tanga na sasa zinauzwa madirishani dunia nzima, hupenda kivuli hiki zikiwa kwenye vyungu barazani. Mimea ya mapambo yenye majani makubwa ya jamii ya magimbi inapendeza, lakini utomvu wake huwasha mdomo na koo. Iweke mbali na watoto wadogo.

*Kivuli chepesi:* hapa ndipo penye utajiri. Tangawizi na binzari, zikipandwa mwanzoni mwa masika, huvunwa baada ya miezi minane hadi kumi, na mbegu yake unainunua sokoni kwa kupima kama kiungo cha kawaida. Chagua vipande vyenye macho yaliyovimba. Ongeza magimbi ya kula, matembele na mnanaa. Pilipili manga ipandishe kwenye mti wenye gome la kukwaruza. Itakuchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri.

*Jua la kutosha:* mchicha, bamia, nyanya, kisamvu, mrehani, mlimao. Asmini pia, ukitaka ichanue na si kutoa majani tu.

Majani ya uwanja, yaani nyasi, ndiyo yanayowapotezea watu fedha nyingi. Ukoka unataka jua. Ukiutandaza chini ya mwembe, utakaa kijani kwa miezi michache kisha utabaki vipara. Fedha hiyo inatosha kujaza kiwanja chote mimea ya kivuli.

Ukipanda katikati ya mizizi ya mti mkubwa, usichimbe shimo kubwa. Tumia kisu cha bustani au chuma chembamba, tafuta mfuko wa udongo kati ya mzizi na mzizi, tia mboji konzi mbili tatu, panda mche mdogo. Mche mdogo hushika haraka kuliko mkubwa, na bei yake ni ndogo. Shimo la sentimita 60 kila upande, lenye ndoo ya samadi iliyooza, liachie mti mpya wa matunda mahali pa wazi. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Iache ipoe hadi isinuke.

Miche bila kununua

Omba. Hakuna mwenye bogenvilia, mnanaa au matembele atakayekunyima tawi. Kata vipande vya urefu wa shubiri, ondoa majani ya chini, chomeka kivulini kwenye makopo yaliyotobolewa, na umwagilie kidogo kila siku. Fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya mvua ili miche iingie ardhini na masika au vuli. Minyaa ya uzio nayo huota kwa kuchomeka tu, lakini utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Vaa miwani, osha mikono, na usiipande mahali pa kuchezea watoto.

Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20, hiyo ni lita 1,000 zilizokuwa zinachimba msingi wako. Kama huna fedha ya tangi, anza na kipande kimoja cha mfereji wa bati na pipa moja lenye mfuniko. Yanayozidi yaelekeze kwenye shimo pana lililojazwa majani, na uzungushie migomba. Maji ya kufulia yaende hukohuko, si kwenye mboga za majani.

Kiangazi, mche mpya unasaidiwa na chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa matundu madogo chini na kufukiwa kando yake hadi shingoni. Ijaze kila baada ya siku mbili tatu. Maji yanafika mizizini badala ya kupotea juu.

Nyoka, mbu, mchwa

Hofu hizi ndizo zinazokata miti mingi, kwa hiyo nizijibu moja moja.

Nyoka anafuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Marundo ya matofali, mbao na mabati nyuma ya nyumba ni makazi yake bora kuliko mti. Yaondoe au yainue juu ya ardhi, acha mita moja tupu kuzunguka ukuta, na matawi yasiguse paa. Unapochukua majani kwenye lundo, tumia reki, si mkono.

Mbu hazaliani kwenye jani kavu lililolala chini. Anazaliana kwenye maji: kifuu, kopo, tairi, mfereji wa paa ulioziba, sahani ya chungu. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hupenda hasa vyombo vidogo vya namna hiyo karibu na watu. Yai hufikia kuwa mbu kwa wiki moja hivi, kwa hiyo zunguka na kumwaga kila Jumamosi. Makumbi ya ukingo yageuzwe kifudifudi.

Mchwa wapo kwenye kila kichanga cha pwani na wanasaidia kuozesha. Wazuie tu wasipate daraja: matandazo, kuni na fito visiegemee ukuta.

Fedha ikipatikana kidogo, iende wapi?

Kwa mpangilio wangu: reki na panga nzuri, msumeno wa kupogolea, toroli, hata la kuchangia na jirani, samadi, pipa na mfereji wa maji ya mvua, miche ya matunda iliyobebeshwa. Maua ya dukani, taa na viti vije mwisho. Mwanga ukishapenya na udongo ukishapona, kila mche utakaonunua una nafasi ya kuishi. Ukianza na maua, utayanunua tena.

Na kama nyumba ni ya kupanga?

Usichimbe wala usikate bila kumwomba mwenye nyumba, na makubaliano ya matawi yaandikwe hata kwa ujumbe wa simu. Weka nguvu kwenye mboji na vyombo: ndoo zilizopasuka, viroba vya unga, madebe, vyote vikitobolewa chini. Changanya mboji nusu na kichanga nusu. Tangawizi, mnanaa, mrehani na pilipili vitakaa humo vizuri, na siku ya kuhama vinapakiwa kwenye gari pamoja na vyombo vya jikoni. Vimwagilie jioni ya kuamkia safari, si asubuhi yake, ili udongo uwe umeshikana na viroba visivuje njiani.